Kuku Ambaye Hakuna Aliyemshika

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, hakuna shuka linaloingia mashineni kabla halijapita mikononi mwa Bi Mikono. Jina lake lilitokana na hilo. Wenzake huyaangalia mashuka kwa macho na kuyatupa ndani. Yeye huyakunjua moja moja, huyapapasa kwenye pindo, ndipo huyatia. Kwa miaka ishirini na mitatu ametoa humo mikasi minne, vijiko, meno ya bandia seti mbili, sindano zisizo na idadi, na saa moja ya mkononi iliyokuwa bado inatembea. Wauguzi humtania kwamba akiolewa tena atampekua bwana harusi mifukoni kabla hajasema ndiyo.

"Na nitamgeuza ndani nje," huwajibu. "Yule wa kwanza nilimwamini kwa macho."

Nyumbani anafuga kuku tisa, nyuma ya nyumba ya wapangaji sita wanaotumia ua mmoja na bomba moja. Kuku nao huwashika. Kila jioni wakishapanda kulala, na kila asubuhi kabla hajawafungulia, hupitisha vidole viwili chini ya shingo ya kila mmoja, pale lilipo gole, ule mfuko ambamo chakula hungoja zamu yake kabla ya kushuka tumboni. Kanuni yake ni fupi: jioni gole lijae, asubuhi liwe tupu. Kuku ambaye gole lake limejaa asubuhi hajashiba. Ameziba.

Jumatatu moja, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, vidole vyake vilisimama kwenye shingo ya Kibutu, kuku mweusi asiye na mkia. Gole lilikuwa gumu na limejaa, kama kiazi ndani ya soksi. Alilibonyeza, likabaki na alama ya kidole. Alimnusa mdomo, ukatoa harufu ya chachu. Akawashika wanane waliobaki mmoja baada ya mwingine: magole yote matupu. Aliinama kuangalia kinyesi, hakuona rangi ya kijani wala damu. Pua kavu. Shingo haikupinda. Hakuwa akipumua kwa kukoroma. Alinyooka, akasema peke yake, "Umekula nini, we mwanamke?"

Jibu lilikuwa limetapakaa uani. Mpangaji wa chumba cha nne alikuwa fundi makochi, na Jumapili yote alikuwa ameshinda akichana kochi kuukuu palepale karibu na bomba. Makumbi ya nazi, vipande vya sponji, nyuzi ndefu za katani, vyote viliachwa chini vipeperushwe na upepo.

"Fundi! Takataka zako zimemziba kuku wangu."

Fundi alitoa kichwa mlangoni, mswaki mdomoni. "Shangazi, kuku ana miguu, ana macho, ana akili zake. Mimi nimemkaribisha mezani?"

"Ukimwaga vyakula na visivyoliwa pamoja, kuku hajui kuchambua."

"Basi mfundishe kusoma," alisema fundi, akarudi ndani akicheka. Lakini kabla ya saa moja alikuwa ametoka na ufagio.

Bi Mikono alimtia Kibutu ndani ya tenga, peke yake, bila chakula, na bakuli la maji ya uvuguvugu. Alimdondoshea mafuta ya kupikia nusu kijiko cha chai, tone kwa tone, pembeni mwa mdomo, akingoja ameze kila tone ili yasimwendee kwenye pumzi. Kisha akamweka pajani na kulikanda gole kwa ncha za vidole, taratibu, dakika kumi kwa saa ya ukutani. Hakumgeuza kichwa chini kumtapisha, ingawa ndivyo watu wengi wafanyavyo. Kaka yake aliwahi kumgeuza kuku hivyo, akafa mikononi mwake, amejaa maji kifuani, na kaka bado anasema kuku alikufa kwa hofu.

Jumanne asubuhi gole lilikuwa limelainika kidogo. Alikanda tena, akampa mafuta tena, akamwachia mama yake, anayeishi naye, agizo kwamba kuku asile kitu, akaenda kazini.

Chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara, alikaa msimamizi wa nyumba. Alikuwa karani wa ofisi fulani hadi alipostaafu, na ofisi haikumtoka: shati limefungwa hadi kooni, kalamu mbili mfukoni, na kila jambo la uani alilifanya kuwa jalada. Wote walimwita Karani. Huyu ndiye aliyepita nyuma saa nne, akamwona Kibutu amejikunyata ndani ya tenga, shingo imevimba, macho amefumba kwa usingizi wa kawaida wa kuku asiye na kazi. Karani hakulifungua tenga. Alitoa simu, akapiga picha moja kupitia fito, akaituma kwa bwana mifugo wa mtaa.

Jibu lilirudi kabla chai yake haijapoa. Kwamba dalili hizo ni za kideri, ugonjwa unaofagia banda zima kwa siku chache. Kwamba kuku wote wa nyumba hiyo, na wa nyumba inayopakana nayo, wachinjwe na kuchomwa. Kwamba mwisho ni Alhamisi, saa sita mchana, na yeye mwenyewe atakuja kuhakikisha.

Karani alilinakili agizo lile kwenye karatasi yenye mistari, kwa mwandiko wa ofisini, akapiga mstari chini ya neno *wote*. Saa kumi jioni alisimama langoni akalisoma kwa sauti, barabara nzima isikie. Bi Mikono alifika wakati anamalizia, mfuko wa kazini begani.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Bado," Karani alisema, "lakini tusipochukua hatua watakufa. Kuku wako ana kideri."

"Kibutu? Kideri?" Aliweka mfuko chini. "Nani kampima?"

"Bwana mifugo."

"Alikuja?"

"Nilimtumia picha. Siku hizi kazi inafanyika kwa picha."

"Karani, kaka yangu, picha ina gole? Picha unaibonyeza ukaona kama ni ngumu? Picha ulinusa mdomo? Kideri gani kinashika mmoja kikawaacha wanane wanaolala naye banda moja?"

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Kuku si samaki!"

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya Karani agande. Angeweza kulegea mbele ya mtu mmoja. Mbele ya barabara nzima hakuweza. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni penye kalamu. "Alhamisi saa sita," alisema. "Mimi si mtaalamu. Wewe nawe si mtaalamu. Wewe ni mfuaji."

Bi Mikono aliuokota mfuko wake. Aliondoka akiwa na ile hasira inayokausha mate, akakaa kwenye kigoda, akamkanda kuku hadi giza lilipoingia. Alilowaza lilikuwa la kwake tu: kuku tisa, siku mbili. Laiti angezunguka ukuta hatua arobaini, akabisha lango la pili.

Lango la pili alikaa mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori, mjane, ambaye watu bado walimwita Dereva. Alikuwa na mitetea kumi na wawili na jogoo mmoja aliyewika kwa sauti ya kukwaruza. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona akibishana na mamlaka. Alizoea kusema: "Miaka thelathini na minne barabarani, niliposimamishwa nilisimama." Jumanne alikuwa amelisikiliza tangazo akiwa ameshika kofia mkononi.

Jumatano, Bi Mikono aliporudi kutoka kazini, harufu ya manyoya yaliyoungua ilimpokea kwenye kona. Alijua kabla hajafika. Mzee Dereva alikuwa amekaa kwenye jiwe la mlangoni mwake, mikono imepakaa majivu hadi kwenye viwiko. Nyuma yake banda lilikuwa wazi, tupu, limefagiwa.

"Mzee wangu, umefanya nini?"

"Nimetekeleza," alisema. "Imesemwa wote."

"Walikuwa wanaumwa?"

"Aa, wapi. Wazima kabisa. Asubuhi walikula vizuri." Alifikiri. "Jogoo alinipa shida. Alidhani tunacheza."

Bi Mikono alilitazama banda lile tupu. Alikuwa na maneno ya kumwambia Karani na bwana mifugo, tena mengi. Jambo moja lilimchoma kuliko yote: mwanamke aliyezoea kununua mayai kwa mzee alipita upande wa pili wa barabara akiwa ameziba pua kwa kanga, hata salamu hakutoa.

Kama vile hayo hayakutosha, alipofungua tenga alikuta gole la Kibutu limekuwa gumu tena, kubwa kuliko Jumatatu, na punje mbili za wali zimeganda kwenye mdomo.

"Mama!"

Mama yake, mwenye miaka sabini na minane na masikio yanayosikia anachotaka yeye, alikuwa akichambua mboga. "Nimempa kidogo tu. Amenitazama."

"Nilikwambia asile! Nilikwambia mara tatu!"

"Kuku gani anafungishwa saumu? Alikosa nini? Njaa ndiyo ugonjwa, mengine yote ni majina."

"Umemmaliza! Siku mbili nakanda, wewe kwa kiganja kimoja umemmaliza!"

Sauti ilipasua ua. Fundi makochi aliacha kugonga misumari. Yule bibi, mama yake, aliweka mboga chini, akafuta mikono kwenye nguo yake polepole. "Nilikuzaa mwaka wa njaa," alisema. "Mwaka ule nilijifunza mambo mengi. Kumnyima chakula kiumbe anayenitazama sikujifunza."

Bi Mikono alikaa chini kando yake. Hasira ilikuwa ya watu wengine, na imemwangukia asiyestahili. "Nisamehe, mama."

"Yamekwisha. Mkande kuku wako."

Alikanda, lakini safari hii vidole vilimwambia ukweli asioutaka: wali ulikuwa umevimba juu ya fundo la nyuzi, na fundo hilo halitashuka kwa mafuta wala kwa maombi. Lilihitaji kisu, na mwenye kisu alikuwa ndiye yule bwana mifugo anayekuja kesho na gunia.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, mara ya tatu tu kwa miaka ishirini na mitatu. Saa tano na nusu pikipiki ilisimama langoni. Bwana mifugo alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, viatu safi, glovu za mpira mfukoni, gunia jipya chini ya kwapa. Karani alikuwa tayari ametoa dumu la mafuta ya taa. Wapangaji walijipanga kando ya ukuta, na nje ya lango kichwa cha Mzee Dereva kilionekana.

"Mama, hujachinja," bwana mifugo alisema.

"Sijachinja."

"Agizo lilikufikia?"

"Lilinifikia mimi na wote walio na masikio. Nakuomba kitu kimoja, bwana. Mshike."

"Ugonjwa huu hauhitaji kushikwa. Picha ilijieleza."

"Ulimshika kuku yeyote wa nyumba hii?"

"Mama, nina nyumba nyingine sita leo."

"Na huko nako utasimama mlangoni?" Sauti yake ilianza kupanda, akaiacha ipande. "Mimi ni mfuaji. Nimeambiwa, nimekubali. Shuka la mgonjwa, lenye damu na kila uchafu, silitii mashineni kabla sijalishika, kwa sababu ndani yake panaweza kuwa na sindano itakayomchoma mtoto wa mtu. Hilo ni shuka! Wewe una cheti, una glovu, una mikono miwili mizima, na unaua viumbe kwa kutazama simu? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya kwako imeua kuku kumi na watatu, wote wa jirani!"

Bwana mifugo aligeuka kumtazama Karani. "Kumi na watatu gani?"

Karani alikohoa. "Nyumba ya pili. Wametekeleza mapema."

Bi Mikono hakumpa nafasi. Alimtoa Kibutu ndani ya tenga, akamweka kifuani pa kijana yule, na kijana, kwa hofu ya kuchafuliwa shati, akamdaka. Vidole vyake vilikuwa na elimu ambayo mdomo wake ulikuwa umeisahau. Vilishuka vyenyewe chini ya shingo, vikasimama. Vikabonyeza. Akainamisha uso akanusa. Akamfungua mdomo, akatazama koo, akageuza kope, akainua bawa.

"Tangu lini?" aliuliza, kwa sauti nyingine kabisa.

"Jumatatu alfajiri."

"Kinyesi?"

"Kidogo, cha kahawia. Si kijani. Wanane wengine wazima, washike."

Aliwashika. Wote wanane, na kila mmoja alipomaliza alizidi kuinamisha kichwa. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Hili ni gole lililoziba."

"Sema kwa sauti," Bi Mikono alisema.

"Limeziba. Si kideri."

Walimlaza Kibutu kwenye meza ya kupigia pasi ya Bi Mikono, juu ya taulo safi, bibi akimfunika macho kwa kiganja. Bwana mifugo alichoma dawa ya ganzi, akanyonyoa manyoya machache, akapaka dawa ya kuua vijidudu, akapasua ngozi na gole kwa urefu wa sentimita tatu, si zaidi. Alijua kazi yake. Hilo ndilo lililomkera Bi Mikono kuliko kama angekuwa hajui. Kwa koleo ndogo alitoa kwanza wali, bibi akaguna na kutazama kwingine. Kisha likaja fundo lenyewe: makumbi yaliyosokotana na katani, sponji ya njano, na uzi mmoja uliovutwa na kuvutwa mpaka ukawa mrefu kuliko mkono wa mtu.

"Hiyo sponji naijua," fundi makochi alisema kwa sauti ndogo. "Ya kochi la mwalimu." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Akaongeza, "Shangazi, nitachania kwenye turubai. Kuanzia leo."

"Kuanzia Jumapili iliyopita," Bi Mikono alisema.

Gole lilisafishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, likashonwa lenyewe kwanza, kisha ngozi juu yake, kila mshono peke yake. Wiki nzima chakula laini, kidogo kidogo. Kibutu aliporudishwa tengani alisimama akiyumba, akatia mdomo kwenye maji, akanywa.

Bwana mifugo alikunja gunia lake. "Basi, mama, mmesalimika. Agizo limefutwa."

"La nani?"

"La nyumba hii."

"Na la nyumba ile?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Ilikuwa tahadhari. Mambo haya hutokea."

"Hayatokei. Yanafanywa!" Alipiga meza, mikasi ikaruka. "Mvua inatokea. Hili lina mtu aliyelifanya, na mwingine aliyelinakili akapiga mstari chini ya *wote*. Mzee yule hana hata unyoya mmoja, na watu wanamkimbia kama yeye ndiye ugonjwa. Andika. Andika ulichokiona kwa mikono yako, weka sahihi, halafu tunakwenda kwake."

"Nitaandika ripoti ofisini."

"Hapa. Meza hii hii. Karani ana kalamu mbili."

Aliandika. Mistari saba, Bi Mikono akisoma juu ya bega lake, akamfanya aongeze mmoja, ikawa minane. Wakatoka wote hadi lango la pili. Mzee Dereva alikuwa ametangulia, amesimama mlangoni mwake amevua kofia.

"Karibuni ndani," alisema. "Karibuni mkae."

Bwana mifugo hakukaa. Alisema, macho chini, kwamba kuku wa jirani hakuwa na kideri, kwa hiyo wa mzee hawakuwa na sababu ya kuchinjwa, kwamba anaomba radhi. Alisema haraka na kwa sauti ya chini.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Asante, mwanangu," alisema. Kisha, kwa adabu ileile: "Lakini la Jumanne lilisomwa barabarani. Hili nalo lisomwe barabarani."

Karatasi ilimfikia Karani. Aliigeuza, akatafuta miwani, akaivaa, akaivua, akaifuta, akaivaa. Majirani walikuwa wameanza kutoka. Yule mwanamke wa mayai alisimama na ndoo yake. Karani akaanza kusoma. Sauti iliyovuma Jumanne sasa ilibidi watu waisogelee. Alisoma tarehe. Alisoma ugonjwa usiokuwapo. Alisoma kuku kumi na watatu, wazima. Akafika chini, akakunja karatasi.

"Ifungue," Bi Mikono alisema. "Umeruka mstari."

"Nimesoma yote."

"Mstari wa sita."

Karani aliifungua. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho juu ya kifungo. Mzee Dereva alimngoja, kofia mkononi, kama alivyongoja Jumanne.

"'Agizo lilitolewa,'" Karani alisoma, "'na likatangazwa, bila mtu yeyote kumshika kuku.'"

"Kwa sauti," alisema mzee.